Kigoda Kisichouzwa

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Hujambo? Na watoto hawajambo? Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na dawa yake haiuzwi dukani.

Mama anafoka kama kawaida, na kufoka kwake ndiko kunakotuambia kuwa ni mzima. Paa limezibwa, ila fundi kaacha tundu moja tu, nalo liko juu ya kitanda changu. Nimezoea kulala na beseni.

Sasa nikueleze, maana umeniuliza mara nyingi kuhusu mchongaji wetu. Sisi watatu, yeye, mpiga gitaa na mimi mchoraji wa vitabu vya watoto, hukutana karakanani kwake kurekodi maongezi ya podikasti yetu. Tunatundika mablanketi ukutani sauti isirudi, tunazima feni, jasho linatutoka. Hatuandiki maswali. Kila mmoja huja na swali lake moyoni, na ni mwiko kumdokezea mwenzio kabla.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Kuna kigoda pale karakanani, amekichonga ndege kukizunguka, wale wale ninaowachora mimi vitabuni. Wateja wakikitaka, yeye huwaambia, "Hicho hakiuzwi." Nami, Shangazi, nikajijengea ghorofa juu ya maneno hayo mawili. Nikamuuliza mbele ya kipaza sauti, "Kile kigoda, unamwekea nani?"

Akacheka. "Aa, leo umenikamata! Cha mchumba wangu, jamani. Naoa mwezi wa nane. Na hao ndege nimekuibia wewe, usinishtaki!"

Sikujua ana mchumba. Hakuwahi kunidanganya, wala hakuniahidi kitu, kwa hiyo sina hata wa kumkasirikia. Nilinyamaza. Mpiga gitaa, ambaye nadhani alijua yangu siku zote, akainama akawa anakaza nyuzi ambazo hazikulegea. Nilinyamaza hadi nikasikia mtu akipiga randa karakana ya pili. Kisha nikasema, "Hongera, bwana," nikacheka, na maongezi yakaendelea.

Mchongaji ndiye husafisha sauti. Huwa hatukati neno la mtu, tunaondoa makelele tu. Jana akanipigia simu kwa furaha zake: "Kuna mahali palikuwa kimya sana, nikadhani waya umelegea. Nimepaondoa, usijali."

Leo asubuhi maongezi yametoka, nimesikiliza. Anasema anaoa, nami nampongeza hata pumzi hajashusha. Watu wananitumia ujumbe wa kunisifu, eti marafiki wa kweli ndio hawa. Nimelia, Shangazi, sikufichi. Nimelia mpaka Mama akaacha kufoka, akakaa nami kitandani bila kuuliza.

Najua nawe utasikiliza, maana hukosi hata mara moja. Utaisikia hiyo hongera yangu ya haraka. Nimekuandikia ili angalau mtu mmoja ajue kwamba nilinyamaza.

Nisalimie wanao wote, hasa kitinda mimba wako mwenye maneno. Wakikwambia jinsi nilivyofurahi, waitikie tu. Mungu akutunze, alilainishe goti lako, na akurudishe salama tukuone.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako