Kitabu Kinene cha Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Swali linalonisumbua tangu likizo ianze ni hili: mgonjwa achaguliwe kitabu kwa hamu yake, au kwa muda aliobakiwa nao? Daktari ameniambia kwamba huenda mama asiumalize msimu huu wa joto. Yeye mwenyewe hajaambiwa. Basi nilimpelekea hadithi fupi, vitabu vyembamba. Alivipima kiganjani, akacheka.

"We mwalimu, hivi ni vitabu au vipeperushi? Siku hizi nakadiriwa kurasa kama vidonge?"

"Nimeyafikiria macho yako, mama."

"Macho yangu si wewe? Niletee kinene, cha kuzuilia mlango!"

Nimempelekea, nami humsomea kila alasiri. Mama humgombeza mhusika mkuu kana kwamba ni mkwewe. Njoo mapema, unipokee zamu.

Bado sijui nisome haraka ili aufikie mwisho, au polepole ili hamu ya kuujua imbakize nasi. Akili yangu inalikataa hilo la pili, lakini sauti hupunguza mwendo yenyewe. Jibu analo mama, na kumwuliza ni kumwambia.

Dada yako akupendaye