Bibi yako hakuwa bruja

Bariadi, Jumanne. Vumbi tangu asubuhi, na mimi nimeamka na hasira.

“Shangazi, ni neno tu. Wageni wakiona bruja wanatoa simu, wanapiga picha.”

Hayo ni maneno ya Masanja kwenye simu, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayetembeza watalii kutoka Lamadi. Kesho analeta Wahispania kwenye nyumba yetu ya zamani kule Sola. Mlangoni ameweka bango la Kihispania: casa de la bruja, nyumba ya mchawi.

Mchawi huyo ni mama yangu.

Neno tu? Masanja, kwetu neno hilo limeua wanawake.

Mama alikuwa mkunga. Akiitwa alibeba wembe mpya, uzi na kipande cha sabuni, akaondoka kwa miguu. Alirudi amechoka, anaimba, na kuku wa shukrani aliyefungwa miguu. Mpaka leo nikinusa sabuni ya mche namkumbuka.

Macho yake yalikuwa mekundu. Ya nani hayakuwa, miaka ile ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe? Lakini mtoto wa jirani alipokufa, watu walianza kuyatazama macho yale, wakisema ni ya mchawi. Asubuhi moja wanaume walikuja na fimbo.

Walikuta ua umejaa wanawake. Wote aliwazalisha yeye. Wamekaa chini na watoto migongoni, wanachambua mboga kana kwamba ni kwao. Mmoja akainua kichwa: “Wewe Jilala, kitovu chako alikata nani?”

Jilala akashusha fimbo, wakaondoka. Wanawake wale walikaa siku tatu, wakipika pale pale. Fimbo hazikurudi.

Nakiri: nilikuwa msichana mkubwa, na nilijificha ghalani. Sikusema neno. Labda ndiyo sababu leo nasema mengi.

Kihispania nilijifunza kwa masista niliowapigia chapa barua zao, kwa hiyo Masanja asinidanganye. Nimepima neno linalomfaa Mama. Matrona ni mkunga mwenye cheti, wa hospitali. Mama hakuwa na cheti. Curandera anaganga kila ugonjwa. Mama alizalisha tu, na alijua mpaka wake. Mimba ikimshinda alidai mkokoteni wa ng'ombe uende zahanati. Partera ndiye anayeitwa nyumbani, naye anakwenda.

Partera. Nimelitamka peke yangu jikoni, nikalia kidogo.

Nilimpigia tena Masanja, nikamsimulia yote. Alikuwa hajui, kaka yangu hakupenda kuyataja. Akasema: “Shangazi, wewe unagombana hata na kamusi! Bango limeshakauka.”

Limekauka!

Basi sikia, Masanja, nanyi wenzake mnaotembeza wageni: chukueni tapentaini na tambara, mfute neno hilo kabla gari halijafika Sola. Pakeni PARTERA, na chini yake jina la mama yangu kamili. Picha wapige hapo.