Daftari la Ubatizo Nililolizuia

Jumanne, Makongeni

Hata leo Mama Sharon ameingia ofisi ya kanisa akauliza, "Yule Roselyne yuko?" Nami nimekaa pale pale karibu na mlango, mimi niliyemwandika Sharon wake siku alipobatizwa.

Miaka kumi na moja daftari la waumini lilikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Tangu waliweke kwenye mtandao wa ofisi, Roselyne, karani mwenzangu mdogo, naye analifungua akiwa mezani pake, na watu wanampenda kwa sababu ni mwepesi wa kazi. Wivu umeniingia, Mungu wangu, sikufichi.

Kwa hivyo nikalifungua kwa ile njia inayowazuia wengine kulifungua, nikaenda kula. Nilikula polepole.

Kumbe Mama Sharon alitaka barua ya ubatizo, na shuleni walimwambia aifikishe kabla ya saa kumi. Niliporudi nilimkuta bado kwenye benchi, ameshika bahasha, anaangalia saa ya ukutani. Roselyne alikuwa anamwambia, "Vumilia mama, mtandao unatusumbua leo."

Lakini kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimeandika wazi: faili linatumiwa na Perpetua.

Nikalifunga, barua ikatoka, Mama Sharon akaondoka mbio. Kama alikuta shule iko wazi, sijui.

Roselyne alisema tu, "Auntie, chai yako nimeifunika isipoe."

Baba wa mbinguni, kesho nitamwambia nini huyu msichana? Tafadhali nijibu mapema, kabla sijafika ofisini.