Furaha na Fulaha

Jumanne, usiku

Nilikuwa nimebakiza kubonyeza kitufe tu. Leo nilikuwa nafuta folda za wafanyakazi walioondoka, na ile ya "fulaha" kwenye seva ya Kampala haikuonekana kuwa na mwenyewe.

Ndipo akapiga simu Mama Furaha, mkalimani wetu kutoka Bukavu, aliyehamia ofisi ya Mbarara wiki hii.

"Dada, nimefungua kompyuta, hamuna kitu mule! Tafsiri zangu zote za wakimbizi ziko wapi?"

Nikamwuliza huku Kampala alikuwa anaingia kwa jina gani.

"Lile alilonipa fundi wenu, Ssalongo. Aliandika Fulaha, vile anavyoniita. Niliona haya kumsahihisha."

Mbarara wameandika Furaha. Kwa seva hao ni watu wawili, kila mmoja na folda yake.

Nilimhamishia kila kitu, nikampa jina moja kwenye seva zote. Akacheka. "Kwa hiyo Fulaha mmemuua?"

"Amehamia kwako, mama."

Baada ya simu nilitamka jina lake peke yangu. Mimi pia nasema Fulaha.

Zinanisumbua zile folda nilizofuta asubuhi. Nakala za akiba zipo, kwa hiyo nitalala. Kesho nitayasoma majina yote kwa sauti, kwa r, kisha kwa l.