Wa Mwisho wa Nyumba ya Benyamini

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tano tangu nijifungue. Bado thelathini na tano za kukaa peke yangu chumbani, ndiyo sheria yetu Wasamaria. Akitugusa mtu, mimi au mtoto, lazima akaoge mwili mzima. Binti yangu Samar, miaka mitatu tu, alilia mlangoni anataka kupakatwa. Nikamwambia hapana. Halafu nikageukia ukutani, nikalia na mimi.

Alasiri usingizi ukanipitia. Kuamka — mtoto yuko ng'ambo ya zulia, kafungwa nguo vizuri kuliko nilivyomfunga!

Niliuliza nani kamgusa. Mama mkwe akanicheka, eti kwa usingizi wangu ningeweza kuzaa tena nisijue. Lakini niliwatazama wote. Nywele zao kavu.

Jumanne, 5 Machi
Tena. Mchana kweupe. Wote wameshuka mjini Nablus, nimebaki na Samar. Sakafu ya bafu imelowa. Taulo limelowa.

Samar kasema bibi mwenye shungi jeupe kambeba mdogo wake, kisha kaenda kuoga.

Anashika sheria. Basi ni mtu wetu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia mama mkwe. Utani ukamwisha. Akakaa kizingitini. Chumba hiki, kasema, ndimo alimofia Warda, wa mwisho wa nyumba ya Benyamini, mwana wa Yakobo. Hakuolewa. Alizunguka mlima wetu mzima wa Gerizimu, mlango kwa mlango, akiomba apewe mtoto mmoja wa kiume, amlee kwa jina la baba zake, nyumba isizimike. Wasamaria wenyewe hatufiki elfu. Nani atoe wake?

"Hata mimi nilimnyima Lutfi wangu," kasema. "Mumeo huyo."

Alipoondoka nilisema kwa sauti: "Shangazi Warda, pole. Lakini huyu ni wa nyumba ya Yusufu, na ni wangu. Sikupi."

Maji yakaanza kutiririka bafuni.

Alhamisi, 7 Machi
Tohara leo. Nilimlaza mtoto kwenye mto, nikarudi nyuma, mama mkwe akamchukua, ataoga baadaye. Mto ukabaki.

Nasikiliza ukutani, wako chumba cha pili. Baba mkwe ana desturi yake: kabla ya kumpa mtoto jina huhesabu ukoo, Adamu hadi mtoto mwenyewe. Hajawahi kukosea. Kafika Yakobo. Kasema: Benyamini.

Mtu kamtania, eti uzee huo, sema Yusufu. Yeye hakucheka.

Ameanza upya. Nuhu. Shemu. Nimegusa mto — umelowa chapachapa, kama taulo la juzi. Ibrahimu. Isaka. Yakobo —