Kadi Isiyopigiwa Simu Haikatwi

Kumbukumbu ya Ardis Tollefsrud

Ni mwaka sasa, Mama, tangu uinuke mezani kwenda kuongeza kahawa na usirudi kukaa. Hatujazoea, na hatutawadanganya watu gazetini kwamba tumezoea. Baba bado anachemsha kahawa ya watu wawili, anainywa yote peke yake, halafu asubuhi analalamika kwamba hakupata usingizi.

Ulikuwa mpishi wa shule, na nusu ya mji huu imekulia kwenye mikate yako. Ulikuwa unamjua mtoto aliyekuja bila kifungua kinywa kwa kumtazama tu, na ulimwongezea sahani bila kumuuliza kitu. Lakini waliokujua vizuri walikujua kwa mkasi. Sikukuu ikiisha, wenzako wanatupa kadi za Krismasi, wewe ndiyo kwanza unaunoa. Ulisimama mlangoni pa kanisa ukiwazuia watu na makoti yao: "Jamani, msitupe! Nileteeni mimi."

Ndege mwekundu juu ya theluji aligeuka kikadi cha jina cha kufunga kwenye zawadi. Nyota kubwa ya Bethlehemu ilikunjwa huku na huku, ikawa kiboksi chenye mfuniko wake, na ndani yake biskuti za kumpelekea jirani aliyefiwa. Kadi nzito ulizitoboa pembeni ukaziunga kwa uzi wa sufu, kapu hilo limepatikana. Zile nyembamba zilikuwa alamisho za vitabu vya maktaba. Na zile zenye picha ya kijiji kizima, kanisa, mbwa, watoto na magari ya farasi, ulizikata vipande vipande ukavitia kwenye bahasha, watoto wavipange wakimsubiri daktari wa meno wasahau kuogopa.

Chengachenga za dhahabu zilizopukutika kwenye kadi ziliingia kila mahali. Siku moja Baba alizikuta kwenye viazi vya kuponda, mbele ya mchungaji.

"Ardis, hiki ni chakula au pambo?"

"Kula tu, mzee, nawe ung'ae kidogo."

Mchungaji alipaliwa. Mpaka leo akija kwetu anachungulia sahani kwanza.

Lakini ulikuwa na sheria yako, na sheria hiyo ndiyo imetufanya tuandike maneno mengi hivi badala ya mistari michache kama familia nyingine. Baada ya sikukuu uliziweka kadi zote kapuni, katikati ya meza. Kila jioni wakati wa kula ulitia mkono, ukatoa moja bila kuangalia, ukampigia simu aliyeituma. Goti linaendeleaje? Ng'ombe alizaa? Binti amerudi nyumbani? Baada ya hapo tu ndipo ulipochukua mkasi. "Kadi isiyopigiwa simu haikatwi," ulituambia. "Utamkataje mtu hujamjulia hali?"

Na kila mwaka palikuwa na kadi moja iliyobaki nzima. Kadi ya baba mdogo Norval, ndugu yake Baba, anayekaa ng'ambo ya mto, kule jimbo la jirani la Dakota Kaskazini.

Wa hapa wanaujua ugomvi wao. Wa mbali nao wasikie. Babu aliwaachia kibanda cha kuvulia samaki, kile kinachokokotwa hadi katikati ya ziwa maji yakishaganda, watu wavue ndani yake kupitia tundu la barafu. Mwezi wa tatu barafu ikaanza kulainika. Baba alijua Norval atakitoa. Norval alijua Baba atakitoa. Kibanda kikazama, pamoja na jiko la Babu na kiti chake. Jumapili iliyofuata wakaitana wazembe mbele ya kanisa zima, kwenye chakula cha baada ya ibada, kila mmoja na sahani mkononi. Basi. Wanaume wazima wakanuniana mpaka wakaota mvi.

Norval hakuacha kuleta kadi, ila juu ya bahasha aliandika "Ardis na watoto", kana kwamba humu ndani hamna baba. Ndani aliandika: "Mzima. Norval." Hakuongeza kitu. Mkono wako ukiiangukia, ulimsogezea Baba simu.

"Arvid, hii yako."

"Watu wa Dakota wanalala mapema."

"Saa kumi na mbili jioni?"

"Kule kuna baridi."

"Kwani simu inapigiwa nje?"

Hapo Baba alijaza viazi mdomoni ili asiweze kujibu. Nawe uliirudisha kadi kapuni, na msimu ukiisha uliifunga pamoja na zile za miaka ya nyuma kwa uzi mwekundu. Tulikuuliza kwa nini usimpigie wewe mambo yaishe. "Mimi nitampigia kama shemeji, halafu?" ulisema. "Anayengojewa ni baba yenu."

Lilikuuma, Mama. Tuliliona likikuuma. Krismasi yako ya mwisho, mkiosha vyombo, ulimwambia binti yako Renae: "Sitaki nife hawa wawili hawajasemeshana." Ukafa, na walikuwa hawajasemeshana.

Mwaka huu tulidhani kapu litabaki kabatini. Baba ndiye aliyelitoa, akalipangusa kwa mkono wa shati, akaliweka mahali pake. Baba huyu huyu anayeishika simu kana kwamba itamng'ata! Jioni ya kwanza alipiga hivi: "Ni Arvid. Kadi yenu imetoka. Hamjambo? Haya." Akakata. Watu wakawa wanapiga tena wenyewe, wengine wakicheka, wengine wakilia. Renae, aliyerudi kukaa naye msimu huu wa baridi, ilibidi amfundishe: "Baba, ukimuuliza mtu hali, unangoja jibu."

"Na kama jibu ni refu?"

"Unalisikiliza, Baba."

Akajifunza. Ungemwona ungecheka, halafu ungeingia jikoni kufuta macho.

Ila kadi ya Norval haikuja. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, haikuja. Baba akaanza kwenda mwenyewe kwenye sanduku la barua, upepo ukimchapa uso, kumngojea Duane wa posta. Alisema anangoja kitabu cha kuagizia mbegu.

"Hakuna kingine humo, Duane?"

"Mzee Arvid, kitabu cha mbegu si nilikuletea juzi?"

"Nimeuliza tu."

Nyumbani tulijua anachoogopa. Norval si kijana, na moyo wake ulishawahi kumsumbua. Baba alikuwa na hofu kwamba amechelewa, na alikuwa na aibu ya kuuliza.

Basi tukapanga kahawa ya kukukumbuka, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Renae alitaka kila mtu aondoke na biskuti ndani ya kiboksi kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akakunja, akakunja, kadi zikamwishia. Yakabaki yale mafungu ya uzi mwekundu.

"Hizo weka," Baba akasema. "Hazijapigiwa."

"Basi zipigie."

"Mwaka huu hakuleta."

"Mama hakusema lazima iwe ya mwaka huu."

"Na kama hapokei?"

"Tutajua hapokei."

Baba akalizungusha bakuli lake la supu. Halafu akauliza, polepole sana, "Na kama amekufa, Renae?"

Renae aliacha mkasi. Alikuja akaketi karibu naye, kwenye kiti chako, akabonyeza namba mwenyewe, akaiweka simu katikati ya meza kwa sauti ya juu, maana masikio ya Baba unayajua.

Ililia kwa muda mrefu.

"Haloo."

"Ni Arvid."

"Arvid gani?"

"Kwani una kaka wangapi?"

Tukasikia kiti kikivutwa huko upande wa pili.

"Nilidhani umekufa," Baba akasema.

"Bado."

"Kadi haikuja."

Norval alikohoa. Alipoanza tena sauti ilikuwa imepungua. "Kadi nilikuwa namletea Ardis. Ardis hayupo. Sasa nimwandikie nani?"

Mama, tunamfahamu mumeo. Tulikaa tukingoja kisingizio, cha baridi au cha viazi. Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Niandikie mimi," akasema. "Mimi nipo."

Wazee wawili walikuwa wanalia, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja akijifanya ana mafua. Halafu Norval akasema kwamba siku ya mazishi yako alikuja. Alivuka mto na theluji yote ile, akasimamisha gari nje ya ua wa makaburi, na miguu ikakataa kushuka.

"Nilikuona. Kofia yako ilipeperuka. Kidogo nitoke niiokote."

"Ungetoka."

"Ungenifanya nini?"

"Ningeivaa, bwana wee. Masikio yalikuwa yanaganda."

Wakaongea mpaka supu ikapoa kabisa. Kuhusu kibanda walibishana upya kuanzia mwanzo, na hadi sasa hawajakubaliana nani alipaswa kukitoa. Lakini safari hii Baba alibisha huku akijipangusa machozi ya kicheko, na tuliposikia kicheko kile tulitambua kwamba tulikuwa tumekisahau.

Kesho yake alifungua uzi, akazikata kadi za Norval kwa mkono wake. Amezikata upogo. Mifuniko mingine haifungi, mingine haifunguki. Renae alitaka kuzinyoosha, akafukuzwa. Kwa hiyo atakayepata kiboksi cha ajabu Jumapili ashukuru na anyamaze, kimetengenezwa na mume wako.

Tunawashukuru wote waliotubeba mwaka huu: mchungaji, wanawake wa jikoni la kanisa, Duane na uvumilivu wake, na kila aliyepiga tena simu baada ya kukatiwa. Karibuni ukumbini baada ya ibada ya Jumapili. Kahawa itakuwepo, na chapati za viazi kwa siagi na sukari, ingawa hakuna aliyeweza kuzisukuma nyembamba kama zako.

Tangazo hili lilikuwa tayari limeandikwa pale simu ilipolia wakati wa chakula. Alikuwa Norval, anauliza kwa aibu kama jina lake linaweza kuingia kati ya wanaokukumbuka, au kama asiyeshuka kwenye gari hana haki hiyo. Tulimtazama Baba.

"Liandikeni."

Tukauliza tuliweke wapi, pamoja na mabinamu?

"Mabinamu gani? Weka kando ya langu. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku namwoa mama yenu."

Wanaokukumbuka ni mumeo Arvid na ndugu yake Norval. Wanao Renae na Curtis. Mkwe wako Joleen. Wajukuu zako Anders na Britta. Dada yako Corliss. Na wote uliowahi kuwajulia hali.

Tutakukumbuka, Mama, kila jioni tutakayojaliwa.