Shamba la Mwalimu kule Boko

Jumamosi

Mikono imechubuka kwa jembe, lakini si hiyo inayoniuma.

Mwalimu wa historia ndiye aliyetufundisha kupanda pamba nyuma ya darasa. Tulisokota uzi huku akitusimulia jinsi Wajerumani walivyowalimisha babu zetu mashamba yasiyo yao. Siku ile nililia. Babu yake mama alichapwa viboko huko Kilwa.

Leo alitupeleka Boko, tukalima tangu asubuhi. Nikamwuliza, "Mwalimu, hili ni shamba la shule?"

"Langu. Lima, binti, ndiyo kujitegemea huko."

Rafiki yangu Zaituni akaninong'oneza, "Mjerumani wetu kavaa kaunda suti." Akacheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu nilimwamini mno, na...

Jumatatu nitaimwagilia mipamba yetu maji. Yenyewe haijanidanganya.